Atlas ni nani hasa, na kwa nini kitabu cha ramani kinaitwa atlasi?

Tuliosoma jiografia wote tunaijua atlasi, lile libuku la ramani ambalo darasani lilikuwa halitoshi mnabanana wanne kwenye moja, ila ukiuliza jina limetoka wapi wengi watakwambia ni yule jamaa wa Kigiriki aliyebeba dunia mabegani. Sio kweli sana.

Kwanza Atlas hakubeba dunia, alibeba mbingu. Kwenye hadithi za Wagiriki alikuwa Titani, ule ukoo wa miungu wa zamani waliokuwepo kabla ya kina Zeus. Vita ikapiganwa, Matitani wakachapwa, na Atlas akapewa adhabu yake ya peke yake, asimame huko mwisho wa dunia magharibi aishikilie mbingu isidondoke. Kuna sanamu lake la marumaru pale Naples, Italia, linaitwa Farnese Atlas, mzee wa watu kajikunja chini ya mzigo, na lile duara alilobeba ukilisogelea huoni bara wala bahari, kumechongwa makundi ya nyota, kuna fahali, kuna kaa. Sasa kwa sababu ni duara, watu wakaona dunia, basi ikawa hivyo.

Kisa chake kitamu zaidi ni kile cha Heracles, shujaa wa Kigiriki mwenye nguvu, alikuwa anatafuta maepo ya dhahabu, akamwambia Atlas nenda kaniletee mimi nakushikia mbingu. Jamaa kaenda, karudi nayo, kaonja uhuru, akasema wewe endelea tu kubeba, haya nitayapeleka mwenyewe! Heracles wala hakubisha, akamwambia sawa ila nishikie kidogo nijiwekee ngata kichwani. Atlas akapokea mzigo, mwenzake kaokota maepo huyoo kaondoka. Yaani ngata hiyohiyo ya kubebea ndoo ya maji.

Sasa kitabu. Mchora ramani Ortelius alishatoa kitabu cha ramani huko Antwerp mwaka 1570 lakini hakukiita atlasi. Aliyeleta hilo jina ni Gerardus Mercator, naye mchora ramani, kazi yake ikatoka 1595 yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Na Mercator aliandika kabisa kwamba Atlas anayemheshimu ni mfalme wa Mauretania, nchi ya kale upande wa Moroko na Algeria za leo, mfalme msomi wa nyota ambaye alisimuliwa kuwa ndiye wa kwanza kutengeneza tufe. Kwa hiyo atlasi ya darasani ina jina la mfalme wa hadithi wa Afrika Kaskazini, ingawa wasimulizi wa kale nao walishawachanganya hao wawili mpaka kuwatenganisha ni kazi.

Madaktari nao wamelichukua, pingili ya kwanza kabisa ya shingo inaitwa atlasi kwa kuwa ndiyo iliyobeba fuvu, na ukitikisa kichwa kuitikia ndiyo, kiungo kinachocheza ni hapo fuvu linapoikalia.

Bahari ya Atlantiki pia, maana yake ni bahari ya Atlas. Halafu kuna milima ya Atlas kule Moroko, mshairi Ovid anasema shujaa Perseus alimwonyesha Atlas kichwa cha Medusa, lile jini la kike ambalo ukilitazama unageuka jiwe, naye Atlas akageuka mlima. Simba kweli walikuwepo kwenye milima ile, wakaisha karne ya 20, ndio maana timu ya taifa ya Moroko inaitwa Simba wa Atlas, walewale waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia Qatar 2022.