"Soko letu haliuzwi": maana ya mali ya umma kubaki mikononi mwa umma, na diwani anaingia wapi

"Soko letu haliuzwi." Ni sentensi tamu kwa mgombea udiwani. Inapigiwa makofi, inaeleweka na kila mtu, na kuitamka hakugharimu kitu. Kasoro yake ni moja: mali nyingi zilizowatoka wananchi hazikuuzwa. Zilikodishwa kwa miaka mingi, zikaingizwa kwenye ubia, zikabadilishiwa matumizi, au zikaachwa zichakae hadi siku akatokea mtu wa kununua gofu, naye akapokewa kama mkombozi. Aliyeahidi kwamba soko haliuzwi anaweza kuitimiza ahadi yake neno kwa neno, na soko likaenda.

Kwa hiyo dhana yenyewe inahitaji kufunguliwa. Mali ya umma ngazi ya halmashauri ni vile vitu ambavyo wakazi huvitumia bila kujiuliza ni vya nani: soko, stendi, kiwanja cha michezo, maktaba, ukumbi, makaburi, chanzo cha maji, maegesho, jengo la ofisi lililokosa kazi. Kusema vimebaki mikononi mwa umma ni kusema mambo matatu kwa pamoja. Hati ina jina la chombo cha umma. Watu wanaendelea kuvitumia kwa kusudi lililokuwepo. Na maamuzi juu yake, kama vile bei, saa za kufungua, ukarabati au upanuzi, yanafanywa na watu wanaoweza kuondolewa kwa kura. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndiko mali inakopotelea mara nyingi huku hati ikiwa salama kabatini.

Mfano wa Chicago hauna mpinzani hapa. Desemba 2008 meya wa jiji hilo, Richard M. Daley, alitangaza mkataba wa kuzikodisha mita za maegesho (mashine za kulipia kuegesha gari) zipatazo 36,000 kwa kampuni binafsi kwa miaka 75. Jiji lingelipwa takriban dola bilioni 1.15, zote kwa mkupuo. Haikupita hata wiki moja baraza likaupitisha kwa kura 40 dhidi ya 5. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji alitoa ripoti kwamba thamani ya mfumo ule kwa jiji ilizidi bei iliyolipwa kwa takriban dola milioni 974. Fedha zile kwa sehemu kubwa ziliziba mapengo ya bajeti ndani ya miaka michache. Wawekezaji nao, kabla hata robo ya muda wa mkataba haijafika, walikuwa wamesharudisha walichotoa na faida juu.

Barabara za Chicago hazikuuzwa hata mita moja. Lakini jiji likitaka kufunga mtaa kwa sherehe, au kuondoa maegesho ili lipitishe njia ya baiskeli, linapaswa kuifidia kampuni iliyokodi mita kwa mapato inayoyakosa. Mtaa ni wa jiji, uamuzi wa mtaa una bei. Halafu piga hesabu: diwani wa Chicago hukaa miaka minne kwa muhula, kwa hiyo kura ile moja ilifunga mikono ya mabaraza karibu 19, mengi yakiwa ya watu ambao hawajazaliwa. Mtu akikuuliza kwa nini ukodishaji wa miaka 75 au 99 uogopwe sawasawa na mauzo, jibu ni hilo. Kwa maisha ya binadamu mmoja hakuna tofauti.

Kuna njia nyingine ya kupoteza ambayo haina mkataba, haina saini, na kwa sababu hiyo haina wa kulaumiwa. Paa la ukumbi linavuja. Fungu la ukarabati linapunguzwa, mwaka unaofuata linafutwa. Watu wanaacha kukodi ukumbi kwa sababu unavuja, mapato yanashuka, na taarifa inayokuja barazani inasema jengo "halijiendeshi". Taarifa hiyo si ya uongo. Ila imeanza kusimulia hadithi kwenye sura ya mwisho. Diwani mwenye macho hafuatilii tangazo la zabuni ya kuuza. Hufuatilia kifungu cha matengenezo kwenye bajeti, miaka mitano kabla. (Ni kazi isiyopigiwa makofi. Sijamsikia mtu akishangiliwa kwa kutetea mabati.)

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui sheria ya serikali za mitaa iliyolisema jambo hilo vizuri zaidi. Halmashauri nyingi duniani hazina orodha kamili ya zinachomiliki. Zina viwanja vilivyotolewa na wakazi miaka mingi iliyopita bila hati, majengo yaliyorithiwa kutoka mamlaka iliyovunjwa, vipande vya ardhi kandokando ya barabara ambavyo hakuna anayejua mipaka yake. Kisicho kwenye rejista hakiwezi kutetewa, kwa sababu anayekichukua hahitaji kuomba: anajenga uzio, anangoja, kisha anaomba "kurasimisha". Ndiyo maana swali la kwanza lenye maana kwa diwani mpya, kabla ya hotuba yoyote, ni ombi la kuona rejista ya mali zisizohamishika za halmashauri: kila mali, mahali ilipo, namba ya hati, anayeitumia, kodi anayolipa, na tarehe ya mkataba wake kwisha.

Hiyo tarehe ya mwisho wa mkataba niikazie kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha uchaguzi wa madiwani una uzito gani. Tangu 1985 usambazaji wa maji Paris ulikuwa kwa kampuni mbili binafsi, kila moja na upande wake wa mto Seine, kwa mikataba ya miaka 25. Bertrand Delanoë, alipogombea tena umeya mwaka 2008, aliahidi kuyarudisha maji kwa jiji. Hakuahidi kuvunja mikataba. Aliiacha ifike mwisho wake, na tarehe 1 Januari 2010 chombo cha jiji, Eau de Paris, kikashika kazi yote. Mwaka wa kwanza kiliokoa takriban yuro milioni 35, na mwaka 2011 bei ya maji ikashushwa kwa asilimia 8.

Berlin iliipita njia ndefu zaidi. Mwaka 1999 jiji liliuza asilimia 49.9 ya kampuni yake ya maji, kwa mikataba ambayo wananchi hawakuruhusiwa kuisoma. Februari 2011 wapiga kura walipitisha kura ya maoni iliyodai mikataba hiyo iwekwe wazi, na kufikia 2013 jiji lilikuwa limezinunua tena hisa zote kwa zaidi ya yuro bilioni 1. Miji yote miwili ilifika palepale. Mmoja ulikuwa na watu wanaojua mkataba unakwisha lini, mwingine ulilipa.

Sasa, neno "umma" lenyewe. Mara nyingi tunalichanganya na "jamii", ilhali kisheria huwa ni vitu viwili. Katiba ya Kenya ya 2010 imevitenganisha waziwazi: ardhi ya umma kwenye kifungu cha 62, ardhi ya jamii kwenye kifungu cha 63, na ya kibinafsi kwenye cha 64. Mali ya umma inashikiliwa na serikali, kuu au ya mtaa, kwa niaba ya wote. Mali ya jamii ni ya kundi la watu wanaojulikana. Tofauti hii inajitokeza pale halmashauri inapokabidhi ukumbi au bustani kwa kikundi cha wakazi au ushirika. Je, hapo mali imebaki mikononi mwa umma? Kwa maoni yangu imebaki ikiwa mkataba una kufuli mbili: kikundi kisiweze kuiuza na kugawana fedha, na mali irudi halmashauri kikundi kikisambaratika. Bila kufuli hizo ni ubinafsishaji wenye sura ya jirani. Na hata zikiwepo, ipo hila ya kuangalia: halmashauri kukabidhi jengo bovu ili kujivua gharama, kisha kikundi kikishindwa, kila mtu aseme wananchi walipewa wakashindwa.

Baadhi ya nchi zimewapa wakazi haki zao wenyewe juu ya mali. Uskoti, sheria ya 2015 ya kuziwezesha jamii inaruhusu kikundi kuomba mali ya chombo cha umma, na chombo kikikataa lazima kitoe sababu. Uingereza yenyewe, yaani England, ina sheria ya 2011 inayoruhusu wakazi kupendekeza jengo au ardhi iandikwe kwenye orodha ya mali zenye thamani kwa jamii. Ikiandikwa, hukaa humo miaka mitano. Mwenye mali akitaka kuuza, kikundi kina wiki sita za kusema kinataka kujaribu kununua, na kikisema hivyo mauzo husimamishwa kwa jumla ya miezi sita ili watafute fedha. Hapa wengi hukosea: sheria hiyo haimlazimishi mwenye mali kuwauzia wao. Wanachopewa ni muda. Lakini muda ndicho hasa Chicago ilichonyimwa, kwa hiyo si haba.

Tuje kwenye kugombea. Mlango wa kuingilia unatofautiana mno. Kenya, anayetaka kuwa mwakilishi wadi bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wa wadi wasiopungua 500. Tanzania, mgombea binafsi hakubaliki, lazima upitie chama, maana yake vita vya kwanza ni kura za maoni ndani ya chama kabla hata ya kukutana na mpiga kura wa kawaida. Nchi nyingine zinadai dhamana ya fedha, nyingine saini chache tu. Haya yote tume ya uchaguzi ya mahali husika huyaeleza, na hakuna haja ya kuyarefusha.

Cha kurefusha ni kile unachokuta ukishaapa. Diwani mmoja ana kura moja. Hawezi kuagiza mtendaji amfukuze mvamizi wa kiwanja, hawezi kufuta zabuni kwa mdomo. Nguvu yake iko kwenye kamati, hasa ya fedha na ya mipango miji, na iko kwenye makabrasha ya kikao ambayo wenzake wengi huyafungua wakiwa tayari wamekaa kwenye viti. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi kutoka "eneo la wazi" kwenda "biashara" huja kama mstari mmoja ukurasa wa arobaini na kitu. Uuzaji huitwa "uondoshaji wa mali isiyohitajika". Anayesoma anaweza kuuliza: nani ametathmini thamani, na analipwa na nani? Kodi inapanda kila baada ya muda gani? Mbia akishindwa, mkopo alioupata kwa kuliweka rehani jengo letu unalipwa na nani? Swali hili la mwisho likikosa jibu, ubia huo usipitishwe siku hiyo.

Kuna pia mgongano wa maslahi, ambao si wa mafisadi peke yao. Diwani mwenye kibanda sokoni, au mwenye ndugu kwenye kampuni inayoomba zabuni, anatakiwa kutangaza hivyo na kwa kawaida kutoka nje. Anayeingia kwa ajenda ya kuokoa soko na akakutwa na kibanda ambacho hakukitangaza amewapa wapinzani wake kila walichohitaji.

Na je, kila mali ishikiliwe milele? Hapana, na anayesema ndiyo hajawahi kukaa upande wa bajeti. Ghala tupu ambalo hakuna anayelihitaji, kipande cha ardhi kisichofikika, jengo ambalo kulikarabati kunazidi kujenga jipya: kuviuza kwa bei ya haki kunaweza kulinda vilivyobaki. England ina kanuni mbili za kuangalia hapo. Sheria ya 1972 inazikataza halmashauri, kwa jumla, kuuza ardhi chini ya bei bora inayoweza kupatikana, isipokuwa kwa idhini. Na kwa kawaida fedha za mauzo ya mali haziruhusiwi kutumika kwa matumizi ya kila siku. Zinatakiwa ziende kwenye mali nyingine au kulipa madeni. Kanuni hii ya pili inatenganisha kuuza shamba ili ununue shamba na kuuza shamba ili ule chakula cha jioni.

Mara nyingi utashindwa kwa kura, hata ukiwa umesoma kila ukurasa. Wakati huo kazi inahama kutoka kwenye "ndiyo au hapana" kwenda kwenye masharti: muda wa ukodishaji upunguzwe kutoka miaka 50 hadi 15, mkataba uchapishwe wote, matumizi ya jengo yatajwe kwa maandishi, na uwepo mwanya wa halmashauri kuuvunja bila fidia mbia asipokarabati. Kama hata hayo yakikataliwa, omba kura ipigwe kwa majina na iingie kwenye muhtasari. Mwananchi atakayekuja kuuliza miaka ishirini baadaye ataanzia hapo.