Mwanzilishi wa programu huria hana neno la mwisho juu ya leseni

Wengi huamini kwamba aliyeanzisha programu huria, ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote kuutumia na kuubadilisha, anaweza kuibadilishia leseni apendavyo. Sivyo. Pasipo makubaliano mengine, kila aliyechangia msimbo hubaki na hakimiliki ya mistari aliyoiandika; mradi wenyewe una ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyopo, basi. Hata kura ya wengi haimnyang'anyi mtu haki hiyo.

Chukua kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho kimebaki chini ya GPL toleo la 2 (leseni inayodai matoleo yaliyobadilishwa yakisambazwa yabaki huru) ingawa toleo la 3 lilitoka mwaka 2007. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hakulipenda toleo hilo, lakini hata angelipenda, angelazimika kuwatafuta maelfu ya wachangiaji, pamoja na warithi wa waliofariki. VideoLAN, watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezea video, waliifanya kazi hiyo ya kuchosha: ili kuihamisha injini ya VLC kutoka GPL kwenda LGPL, leseni yenye masharti mepesi zaidi, waliwasaka waandishi wake mmoja mmoja kuwaomba idhini. Msimbo wa anayekataa huondolewa au huandikwa upya.

Kampuni nyingi hukwepa usumbufu huu kwa kuwasainisha wachangiaji mapema mkataba unaoipa kampuni mamlaka mapana. (Usome kabla ya kusaini, wengi hawausomi.) Leseni legevu kama MIT nazo huruhusu matoleo mapya kufungwa, yaani kutolewa bila msimbo wake kuwa wazi, ilimradi tangazo la hakimiliki libaki.

Na leseni ikibadilika, nakala zilizokwisha kutolewa hubaki huru. Kampuni ya HashiCorp ilipobadili leseni ya Terraform, programu yake ya kusimamia miundombinu ya kompyuta, Agosti 2023 na kuweka yenye vikwazo zaidi, wengine walichukua msimbo wa awali wakauendeleza kwa jina la OpenTofu.