Kompyuta haijaribu kila toleo ndipo ione kosa

Vijana wanaounda programu hapa Kigoma huniambia neno lilelile: eti kukagua modeli ya vipengele, yaani mchoro unaoonyesha vipengele gani vya programu vinaweza kwenda pamoja, lazima kompyuta iunde kila toleo, yaani kila mchanganyiko wa vipengele unaoruhusiwa, na kulijaribu. Si kweli, na dhana hiyo huwafanya wengi waache ukaguzi kabisa.

Vipengele 33 tu vya hiari, visivyotegemeana, hutoa matoleo 8,589,934,592. Nani atayapitia? Modeli hizi zilianza mwaka 1990 na FODA, mbinu ya kuchambua vipengele vya programu za aina moja. Mwaka 2005 mtafiti wa kompyuta Don Batory alionyesha jinsi zinavyogeuzwa kuwa fomula za mantiki, ambamo kila kipengele ni ndiyo au hapana.

Chukua programu ya wauza dagaa wa Kibirizi. Kila toleo lazima liwe na kipengele cha kazi bila intaneti. Malipo ya simu yanahitaji intaneti. Kisha mtu akaandika kwamba "intaneti" na "bila intaneti" haviwezi kukaa toleo moja. Programu ya kutatua fomula huulizwa swali moja: lipo toleo lolote lenye malipo ya simu? Inajibu hapana, bila kuunda toleo hata moja. Kipengele hicho kimekufa: kimo mchoroni, lakini mteja hatakipata kamwe. Sharti la tatu ndilo baya, kwa kuwa programu moja inaweza kabisa kufanya kazi mtandao ukiwepo na ukikatika.

Kuhesabu matoleo yote ni kazi nzito zaidi, lakini hata hiyo haifanywi kwa kuyaunda moja moja.