Je, wajua kwa nini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na sheria tupu?

Ukiuliza Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, ilitokea wapi, wengi watakujibu kwamba ni tawi la Makerere ya Uganda lililojitenga. Jibu hilo limezoeleka, lakini si sahihi. Chuo kilipofunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Makerere nayo wakati huo ilitoa shahada za London. Kwa hiyo hapakuwa na mama na mtoto hapo. Walikuwa ndugu, ila mmoja alizaliwa 1922 na mwenzake ndiyo kwanza anatambaa. Na huyo mdogo hata mlimani hakuwa amefika: madarasa ya kwanza yalikuwa katika jengo la chama cha siasa cha TANU, mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia mwaka 1964.

Ajabu zaidi ni kwamba kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakuzidi 15. Udaktari haukuwapo, uhandisi haukuwapo, wala kilimo.

Ni mambo ya mgawanyo. Majirani watatu wakiwa na shughuli moja, mmoja hupika pilau, mwingine huleta turubai, wa tatu viti. Wote wakipika, watu watakula wamesimama juani. Ndivyo ilivyokuwa kwa vyuo vitatu vilivyoungana mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kozi za gharama kubwa hazikurudiwarudiwa, na mwanafunzi ndiye aliyefunga safari kufuata somo.

Kwa nini Dar ipewe sheria hasa? Tanganyika ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabu kwa vidole, na serikali mpya haiendeshwi bila wao. Nadhani na urahisi ulichangia: sheria inataka vitabu na meza, haihitaji maabara, na jengo la chama lingeweza kuyabeba hayo.

Mpango ulivunjika Julai 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Dar ilikuwa imeshapata udaktari mwaka 1968. Uhandisi ulikuja 1973. Nairobi nayo ikaanzisha sheria yake mwaka huohuo wa 1970. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, shahada yake ya kwanza ya sheria aliichukulia Dar es Salaam.