Kalsiamu na zinki ndani ya seli: maswali kutoka Lamu

Mwanabiokemia anayechunguza jinsi madini ya kalsiamu na zinki yanavyoingia na kutoka katika mitokondria hufanya kazi yake mbali na wodi, lakini matokeo yake hufika kwetu haraka, mara nyingi yakiwa yamepotoshwa njiani na watu wanaotaka kuuza kitu. Maswali yafuatayo yameulizwa katika vikao vya afya mjini Lamu na Shela.

Swali: Mitokondria ni nini, na madini haya yanahusika nazo vipi?

Jibu: Mitokondria ni viungo vidogo mno vilivyomo ndani ya seli, vinavyotumia oksijeni na chakula kilichokwisha kuvunjwavunjwa ili kutengeneza ATP, kemikali ambayo seli huitegemea kwa kila kazi inayohitaji nguvu. Seli za moyo zimejaa mitokondria kwa sababu moyo haupumziki. Kila mitokondria ina tando mbili. Upande wa ndani wa utando wa pili una chaji hasi inayofikia takriban milivolti 180, nayo huvuta ioni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) zilizo chanya, zikiwemo za kalsiamu na zinki. Hata hivyo, ioni haiwezi kupenya utando wenyewe, bali sharti ipitie katika protini maalumu. Kalsiamu ikishaingia kwa kiasi, huchochea vimeng'enya vinavyohusika na kuchoma sukari na mafuta, na kwa hiyo kalsiamu ileile inayofanya msuli ujikaze huziarifu mitokondria kwamba nguvu zaidi inahitajika. Mimi huuona mpango huu kuwa wa kustaajabisha, kwani ishara moja huagiza kazi na nguvu ya kuifanyia kazi hiyo kwa wakati mmoja.

Swali: Njia hiyo ya kalsiamu iligunduliwaje?

Jibu: Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikwisha kujulikana kwamba mitokondria humeza kalsiamu kwa wingi, lakini protini inayoipitisha haikutambuliwa kwa takriban nusu karne. Msaada ulitoka mahali ambapo wengi hawangeutazamia. Hamira, ile tunayotilia mahamri, ina mitokondria lakini haina njia hii, ilhali kimelea cha malale kinacho njia hiyo. Watafiti walilinganisha jeni za viumbe vilivyo nayo na vile visivyo nayo, na mwaka 2010 wakapata protini ya MICU1. Mwaka uliofuata makundi mawili, la Vamsi Mootha nchini Marekani na la Rosario Rizzuto nchini Italia, yakatangaza kila moja kwa upande wake protini ya MCU, ambayo ndiyo njia yenyewe. MICU1 ni kama bawabu wake: kalsiamu ya seli ikiwa kidogo huzuia isipite, na ikizidi huruhusu. Watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya MICU1 hupata udhaifu wa misuli, ugumu wa kujifunza na matatizo ya kutawala mwendo wa viungo.

Swali: Mtafiti huonaje kitu kidogo kiasi hicho?

Jibu: Hakioni kwa macho, hupima matendo yake. Ini la panya husagwa taratibu katika maji yenye sukari, chombo kikiwa juu ya barafu muda wote, kisha mchanganyiko huo huzungushwa kwa mashine. Mzunguko wa kwanza, wa polepole, huteremsha viini na seli ambazo hazikuvunjika. Wa pili, wa kasi zaidi, hukusanya mitokondria, zikabaki chini ya mrija kama tope la hudhurungi. Tope hilo huchanganywa na kimiminika chenye rangi inayong'aa inapokutana na kalsiamu. Mtafiti anapotia tone dogo la kalsiamu, mstari kwenye skrini hupanda ghafla, halafu huteremka kadiri mitokondria zinavyoimeza. Anatia tone la pili, la tatu, la nne, na kila mara mstari hupanda na kushuka. Hatimaye hufika tone ambalo baada yake mstari haushuki tena, bali hupanda moja kwa moja na kubaki juu: tundu kubwa limefunguka katika utando wa ndani, chaji imepotea, na kalsiamu yote iliyokuwa imehifadhiwa imemwagika. Jambo la namna hiyo likitokea ndani ya seli hai, seli huweza kufa. Linaaminika kuchangia madhara ya moyo ulioziba mshipa, hasa pale damu inaporudi kwa ghafla baada ya kukosekana.

Swali: Na zinki nayo hupita mlango huohuo?

Jibu: Kwa sehemu, ndiyo. Mwili wa mtu mzima una zinki ya gramu 2 hadi 3 tu, na karibu yote imeshikwa na protini. Iliyo huru ndani ya seli ni kidogo kupita kiasi. Familia mbili za protini huisafirisha: zile 14 za ZIP huiingiza katika umajimaji wa seli, na zile 10 za ZnT huitoa humo. Majaribio yameonyesha kwamba zinki inayozidi huweza kuingia mitokondria kupitia MCU na kuvuruga mfululizo wa protini zinazotumia oksijeni. Kwa wanyama waliosababishiwa kiharusi, zinki inayomwagwa na ncha za neva huingia seli za jirani na kuongeza madhara.

Hapa pana tahadhari ambayo mtafiti makini haisahau. Baadhi ya rangi zinazotumiwa kupimia kalsiamu hushika zinki kwa nguvu zaidi kuliko zinavyoishika kalsiamu yenyewe. Mwanga ukiongezeka, mtu anaweza kuandika kwamba ameona kalsiamu kumbe ameona zinki. Ndiyo sababu hutiwa kemikali iitwayo TPEN, ambayo hunyakua zinki na kuiacha kalsiamu karibu yote. Mwanga ukizimika baada ya hapo, uliokuwepo ulikuwa wa zinki. Nayapenda sana majaribio ya aina hii, kwa kuwa yanamlazimu mtafiti kulishuku jibu lake mwenyewe kabla hajalitangaza.

Swali: Mwalimu, mimi ni mzee wa Matondoni. Maji ya kisima huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Je, chokaa hiyo haiwezi kuzijaza hizo mitokondria?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Ukoko huo kwa kawaida ni kalsiamu kaboneti, jamii moja na mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba zetu. Kalsiamu ya maji hufyonzwa tumboni kama ile ya chakula, na kiwango chake katika damu hulindwa na tezi ndogo nne za shingoni, figo na mifupa. Zaidi ya asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Hata hivyo, ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu huru ni pungufu takriban mara 10,000 kuliko nje yake. Mitokondria hujazwa kupita kiasi pale seli inapoumia na kushindwa kuilinda tofauti hiyo.

Swali: Kuna vidonge vinavyouzwa kwamba "vinaamsha mitokondria". Tununue?

Jibu: Nasema wazi: msinunue. Siklosporini, dawa inayotumiwa kwa waliopandikizwa viungo, huchelewesha kufunguka kwa lile tundu katika mitokondria, na ilileta matumaini makubwa katika majaribio ya wanyama. Ilipotolewa kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, haikuwasaidia. Ikiwa dawa iliyochunguzwa kwa uangalifu namna hiyo imeshindwa kuvuka kutoka maabara hadi wodini, unga usiojulikana umetengenezwa wapi hauna haki ya kudai kwamba umevuka. Zaidi ya hayo, zinki nyingi inayomezwa kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza shaba, na mtu akaishia kupungukiwa damu.

Swali: Basi tule nini?

Jibu: Zinki ipo katika nyama, chaza, kaa kwa wanaomla, kunde, korosho na ufuta. Kalsiamu ipo katika maziwa, mtindi, sukuma wiki, na dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao. Mahindi, kunde na mbaazi vina kemikali inayoshika zinki isifyonzwe, na hupungua ukiloweka kunde usiku kucha na kumwaga maji yake, au ukichachusha uji.

Swali: Mimi ni mjamzito na nimepewa vidonge vya kalsiamu kliniki. Niviache?

Jibu: La, dada yangu, usiviache. Shirika la Afya Duniani hushauri kalsiamu kwa wajawazito wa maeneo ambako chakula hakina ya kutosha, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Vimeze kwa saa tofauti na vile vya kuongeza damu, kwani kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.

Swali: Mtoto wangu aliharisha, nikapewa ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Siku ya tatu amepona. Kwa nini nimpe tena?

Jibu: Kwa sababu kipimo kimewekwa kwa ajili ya siku zilizobaki pia. Ushauri wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa mwaka 2004 ulikuwa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Anayeharisha hupoteza zinki, na utumbo huihitaji ili kujitengeneza. Mtoto aliyekamilisha dozi huwa na nafasi ndogo ya kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Yeyusha kidonge katika kijiko cha maji safi au cha maziwa yako, mpe mara moja kwa siku, na akikitapika ndani ya nusu saa, mpe kingine. Usiache kumnyonyesha. Akiwa mlegevu, macho yamezama, hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, mpeleke hospitali mara moja, hata ikibidi kutafuta boti usiku.