Taa ya breki ikipiga chenga, anza na ethi

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea Corolla 110. Gari lina zaidi ya miaka 25, lakini injini yake bado inaunguruma vizuri. Sikuwahi hata kumaliza kumwamkia.

"Kijana wangu, usiku nikikanyaga breki, taa ya kulia inazimika. Juzi bodaboda nusura aniingie kwenye buti."

Alishabadilishiwa globu mara 3. Zile zilizotolewa alikuwa nazo kwenye mfuko wa shati, zimefungwa kwenye karatasi. Nilizigusisha kwenye betri moja baada ya nyingine, na zote zikawaka. Mzee alikuwa amenunua vitu ambavyo gari lake halikuvihitaji, na hili linaniuma kwa sababu naliona karibu kila wiki. Taa ikileta vituko, mkono wa fundi unakwenda kwenye globu kwanza.

Ndani ya globu ya taa ya nyuma mna nyuzi mbili. Mmoja ni wa wati 5, huo ni wa taa ndogo ya usiku. Mwingine ni wa wati 21, wa breki. Kila uzi una waya wake wa kuleta umeme, lakini umeme ukishapita, nyuzi zote mbili hutokea mlango mmoja: waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme, kisha bodi ya gari, mpaka hasi ya betri. Kwenye Toyota nyingi waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi. Wa breki ni wa kijani wenye mstari mweupe, na wa taa ndogo ni kijani kitupu.

Ethi ikikatika, umeme unatafuta pengine pa kutokea. Ukikanyaga breki mchana, unaingia kwa uzi wa wati 21, unakuta mlango umefungwa, unageukia uzi wa wati 5 na kurudi kinyumenyume kwenye waya wa taa ndogo. Kutoka hapo unatokea kwenye taa ndogo ya upande wa pili, taa ya namba, hata taa za dashibodi. Kwa hiyo ukiona dashibodi inamulika kwa mbali kila mguu unapogusa pedali, na swichi ya taa hujaiwasha, usihangaike na dashibodi. Nenda nyuma kwenye buti.

Usiku ndipo hatari ilipo. Taa ndogo zikiwashwa, uzi wa wati 5 unapata upenyo kupitia ule wa wati 21 na kwenda kutokea kwenye taa ya breki ya upande wa pili ulio mzima. Unawaka, na dereva hana habari kwamba kuna tatizo. Akikanyaga breki, volti 12 zinaingia kwa waya wa breki na volti 12 nyingine tayari ziko kwenye waya wa taa ndogo. Umeme hauwezi kutembea kati ya sehemu mbili zenye volti sawa. Upande ule wote unakuwa giza, wakati uleule ambao aliye nyuma yako anahitaji kuona mwanga mwekundu.

Kwa mzee sikufungua globu hata moja. Nilichukua kipande cha waya, ncha moja nikaishika kwenye ethi ya holda inayoshika globu, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, nikamwomba akanyage breki. Taa ikawaka kali. Ukiwa na mita ya kupimia volti, weka mkono mwekundu kwenye ethi ya holda na mweusi kwenye hasi ya betri, taa zikiwa zimewashwa na breki imekanyagwa. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikionyesha volti kadhaa, ethi ni mbovu.

Nikafunua zulia la buti. Skrubu ya ethi ilikuwepo, tena imekazwa sawasawa, ila ilikazwa juu ya rangi. Gari liliwahi kugongwa nyuma, likanyooshwa, likapigwa rangi vizuri, na aliyerudisha skrubu hakukwangua. Rangi haipitishi umeme. Nilipiga msasa mpaka chuma king'ae, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, nikapaka grisi juu. Huku Dar, kwa unyevu na chumvi ya bahari, usiporuka hatua hiyo ya grisi utashukuru.

Jambo moja kuhusu vifaa. Mita inaweza kukudanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba bado utakuonyesha volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Mimi natumia testa niliyotengeneza kwa globu ya wati 21 na waya mbili. Waya ukiwa dhaifu, globu hiyo inafifia na ukweli unaonekana.

Kama taa zote za breki zimekufa kwa pamoja, anzia kwenye fyuzi ya STOP. Globu mbili za wati 21 zinavuta ampia 3.5 tu, wakati fyuzi mara nyingi ni ya 15. Haiungui kwa kuchoka; kuna waya unagusa bodi mahali fulani. Tafadhali usiweke waya mahali pa fyuzi, utachoma gari. Kwenye magari ya mlango wa nyuma, angalia ule mpira wa waya kwenye bawaba, kwa sababu waya hukatika ndani na ganda likabaki zima. Vuta waya mmoja mmoja taratibu, uliokatika unanyumbuka.

Na taa za breki zisipozimika kabisa, inama chini ya usukani. Pedali ina kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachobonyeza swichi ya breki. Kikizeeka kinapasuka na kuanguka, swichi inapitiliza kwenye tundu, na asubuhi betri imekwisha. Vipande vyake utavikuta kwenye kapeti miguuni.

Mzee aliniuliza atajuaje siku nyingine, maana anaishi peke yake na hana wa kumsimamisha nyuma. Nilimwambia usiku akirudi nyumbani aliingize gari kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, awashe taa, akanyage breki na atazame kwenye vioo. Wekundu ukutani lazima uongezeke pande zote mbili.