ADHD ya ukubwani: kwa nini tunachelewa kuiona

Ninatibu afya ya akili ya watu wazima, na karibu hakuna anayeingia chumbani kwangu akilalamikia umakini. Wanakuja kwa sababu hawalali, ndoa inayumba, au kazini wameshapewa barua ya mwisho ya onyo. Wengi wametibiwa sonona zaidi ya mara moja. Dawa imewapunguzia huzuni, lakini kodi ya nyumba bado inalipwa kwa kuchelewa, simu inasahaulika kwenye bajaji, na ripoti iliyotakiwa Ijumaa inaanza kuandikwa Alhamisi usiku wa manane. Tatizo lililozaa huzuni halijaguswa, kwa sababu hakuna aliyeuliza: utotoni ulikuwaje?

Swali hilo ndilo kila kitu. ADHD, yaani upungufu wa umakini, utukutu na papara visivyolingana na umri wa mtu, haizuki ukubwani. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Utukutu wa mwili hupoa kadiri mtu anavyokua: aliyekuwa akipanda madawati sasa anatikisa mguu kikaoni na kuwakatiza wenzake. Kusahau, kuchelewa na kuacha mambo nusu havipoi. Mtu akizoea kuitwa mzembe tangu akiwa mdogo, hatafikiria kwamba hilo ni jambo la kumpelekea daktari.

Vitabu vyetu wenyewe vilichangia. ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani tuliyosomea wengi wetu, ilitaka utukutu na upungufu wa umakini viwepo vyote pamoja. Msichana mpole, anayekaa kimya darasani huku mawazo yako mbali, hakuwa na nafasi humo. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inamtambua. Lakini wasichana wale sasa ni wanawake wenye miaka 35 au 40, wana kazi na watoto, na wamechoka.

Nimfikirie mmoja, ambaye nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Ni mhasibu. Nilimwomba arudi na mzazi na karatasi zozote za shule, akaja na mama yake na bahasha ya kaki. Darasa la pili alikuwa wa 4 kati ya 61. Darasa la sita, wa 38. Maoni ya mwalimu kwa wino mwekundu: "Ana uwezo, hajitumi." Mwaka mwingine, mwandiko mwingine: "Daftari hazikamiliki. Aongeze bidii." Walimu watatu waliomfundisha nyakati tofauti waliandika jambo lile lile. Nilimuuliza mama nyumbani ilikuwaje.

"Huyu, daktari, ukimtuma chumvi anarudi hana chumvi wala hela. Kasimama njiani anaangalia watoto wanacheza. Nimemchapa mpaka nimechoka."

Binti aliinama. Nikamwambia mama kwamba alichokieleza ndicho nilichokuwa nakitafuta, na kwamba mwanawe hakuwa mkaidi wala mvivu. Walikaa kimya muda mrefu, nami sikuwaharakisha. Wanaogundulika ukubwani huwa na uchungu wa miaka iliyopita, na uchungu huo nao unahitaji kusikilizwa.

Bahasha kama ile ina thamani kuliko mashine, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Lipo dodoso fupi la maswali 6 lililoandaliwa na wataalamu kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Linasaidia kuchuja, haliamui. Lazima pia niangalie upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi, pombe na mirungi. Ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), ambao hisia hupanda na kushuka kupita kiasi, nao hufanana na ADHD, ila huja kwa vipindi na kuondoka. ADHD ni ya kila siku, tangu shule ya msingi.

Matibabu yapo, na hapo huanza ucheleweshaji wa pili. Methilifenideti, dawa ya ADHD iliyo katika kundi la vichangamshi vya ubongo, imetumika tangu miaka ya 1950, lakini imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, hivyo si kila duka la dawa litakuwa nayo. Mwaka 2019, na tena 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, wakitilia shaka ubora wa ushahidi. Ninaheshimu tahadhari hiyo, lakini orodha nyingi za nchi hufuata ile, na wanaoumia ni wasio na uwezo wa kununua kwa bei ya juu. Atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa watoto na watu wazima, si kichangamshi, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake. Wapo wanaoiacha wiki ya pili wakidhani imeshindwa. Dawa yoyote kati ya hizi, nataka presha na mapigo ya moyo vipimwe kabla ya kuanza na kila dozi inapobadilishwa.

Sonona ikiwa kali, hasa mtu anapowaza kujiua, naitibu kwanza, kisha narudi kwenye ADHD bila kuisahau.

Kama umetibiwa sonona au wasiwasi mara kadhaa na maisha bado hayapangiki, nenda kliniki na ripoti zako za shule. Kama mzazi hayupo, dada mkubwa, mjomba au shangazi aliyekulea anatosha. Mwombe akusindikize, na aeleze mwenyewe mbele ya daktari ulivyokuwa kabla hujafika darasa la sita.